Mviringo Atafuta Mashine Kubwa

Majirani walimwita Mviringo. Si kwa sababu ya tumbo, ingawa tumbo nalo lilikuwa njiani. Alikuwa mkerezaji. Kila kilichotoka mikononi mwake kilikuwa cha duara: miguu ya stuli, mipini, vibakuli vya chumvi. Mashine yake ndogo ya kukereza ilifungwa juu ya meza, kwenye banda nyuma ya nyumba. Mashine inazungusha mti, yeye anashika patasi, na mti unapata umbo.

Asubuhi moja mwenye duka la samani alikuja bandani.

"Fundi, nataka mabakuli ya matunda. Mapana, kama mfuniko wa sufuria kubwa. Unaweza?"

"Hilo tu?" akajibu Mviringo bila kupepesa macho.

Mteja alipoondoka, mkewe aliacha kufua nguo uani, akachungulia mlangoni.

"Baba watoto, mashine yako inabeba kisahani. Huo mfuniko wa sufuria utauweka wapi?"

"Mke wangu, penye nia pana njia."

Njia yenyewe ilikuwa mbaya. Alikiinua kichwa cha mashine, upande unaozungusha mti, kwa vipande vya mbao ili gogo lipate nafasi. Gogo lilikuwa zito upande mmoja. Kisha akawasha kwa kasi ileile anayokerezea miguu ya stuli.

Mashine ikatetemeka. Meza ikaanza kutembea. Mviringo akaifuata akipapasa swichi, kama mtu anayemkimbiza mbuzi aliyekata kamba. Kabla hajaifikia, gogo likachomoka. Likapita karibu na sikio lake, likatoka dirishani, likatua katikati ya beseni la nguo.

Uani palikuwa na watu wawili. Mmoja ni mkewe, aliyelowa chapachapa. Wa pili ni mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na begi lake mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Mviringo kupitia dirishani.

"Marahaba, mkwe wangu. Siku hizi wageni mnawapokea kwa magogo?"

Lakini alipoliinua lile gogo, uso wake ulibadilika.

"Lingekupata kichwani, mwanangu, leo ningekuwa nimekuja msibani."

Mviringo akaichomoa mashine kwenye umeme.

Jioni, wakati wa chai, alisema, "Lazima ninunue mashine kubwa. Pesa ni kidogo, lakini dukani kwa Bei Poa kuna moja inang'aa kama gari la bwana harusi."

"Nitakwenda nawe," alisema mama mkwe.

"Mama, utachoka bure. Mambo ya mashine haya."

Mkewe akakohoa. "Mama amefanya kazi chumba cha mashine, kiwanda cha samani, mpaka akastaafu."

Mviringo alishangaa. Miaka yote alijua mkwewe alifanya kazi kiwandani. Alidhani alikuwa akipika chai.

Bei Poa aliuza mashine zilizotumika, na sauti yake ilitumika zaidi. "Karibuni! Hii ni mali! Itazameni rangi!"

Mkono wa Mviringo ulikuwa tayari mfukoni.

"Toa huo mkono," alinong'ona mama mkwe. Akaishika ekseli, ile inayozungusha mti, akaitikisa juu na chini. Ikalia: kok, kok.

"Umesikia? Beringi zimekwisha. Ekseli iliyo nzima haichezichezi." Akausukuma mkia wa mashine, ule unaoshika mti upande wa pili, hadi ukakaribiana na kichwa. "Hizi ncha mbili zinapaswa kukutana sawasawa. Hizi zimenuniana. Na mota ni ya umeme gani?"

"Njia tatu, mama. Ya kiwandani kabisa!"

"Nyumbani kwa mkwe wangu umeme ni wa njia moja. Ataizungusha kwa mguu?"

"Lakini mama, rangi ni mpya!"

"Rangi naiona. Tutakereza rangi?"

Njiani Mviringo alinuna. Mama mkwe akamshika bega.

"Usianze na mashine, anza na kazi. Pima bakuli lako pana kuliko yote. Nusu ya upana huo lazima ipite kati ya ekseli na chuma kilicho chini yake, na ibaki nafasi kidogo. Kisha tafuta mashine nzito, maana uzito unazuia mtetemo. Na usimalize pesa zote kwenye mashine. Bakisha za mota, mkanda, na kinga ya uso."

Mkewe ndiye aliyeipata. Seremala mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amehamia kazi ya madirisha ya alumini. Mashine yake ya zamani ilikaa nyuma ya nyumba, imeota kutu, haina mota, na kuku walilala juu yake. Aliitoa kwa bei ndogo ili apate nafasi.

"Mama, hili ni banda la kuku!" Mviringo alilalamika.

"Tikisa ekseli."

Akatikisa. Kimya. Wakasogeza mkia, ncha zikakutana kama pua za watoto wanaochezeana.

"Kutu ya juu inasuguliwa," alisema mama mkwe. "Mbebe kuku huyo."

Kuku alikuwa ameatamia. Alimdonoa Mviringo mpaka mkewe akaja na kikapu.

Walisugua kutu, wakapaka mafuta. Fundi umeme akafunga mota iliyotumika, inayofaa umeme wa nyumbani, na puli za kubadilisha kasi, kisha akaufunika mkanda kwa bati. Mashine ikafungwa sakafuni kwa bolti, na miguuni ikawekewa mifuko ya mchanga.

"Haya, mkwe, niambie utaanzaje," alisema mama mkwe.

"Nakata pembe za gogo kwanza, liwe karibu na duara. Nalizungusha kwa mkono nione kama linagusa kitu. Navaa kinga ya uso. Nasimama pembeni, nawasha."

"Kwa kasi gani?"

"Ndogo kabisa. Mti ukiwa mkubwa, mwendo uwe mdogo."

Akawasha. Mashine ikanguruma polepole, na glasi ya maji aliyoiweka mama mkwe dirishani haikumwaga hata tone.

Mwenye duka alipoyaona mabakuli, aliligonga moja kwa kidole, akalinusa, akaagiza mengine mengi zaidi. Mashine ndogo nayo haikutupwa. Ilirudi kwenye vibakuli vya chumvi, kazi iliyoiweza.

Siku ya kukereza bakuli la mwisho, mama mkwe alisimama mlangoni muda mrefu. Halafu akafunga kitambaa kichwani, akakunja mikono ya gauni.

"Nipishe kidogo, mwanangu."

Akavaa kinga ya uso, akashika patasi. Maranda ya mti yakatoka marefu, membamba, yakiruka begani kwake kama utepe. Mviringo alibaki mdomo wazi. Hajawahi kutoa maranda kama yale tangu aanze kazi.

Mkewe akampa ufagio.

"Fagia, baba watoto. Fundi yuko kazini."