Mstari wa Mlango wa Tatu

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, Ifakara. Mashine ikinguruma hapo mbele, huku nyuma unaweza kupanga hata wizi wa kengele ya kanisa na asikusikie mtu.

Mzee Ildefonce alikalia gunia la pumba. Mvuvi wa zamani, mkono wa kushoto vidole vitatu.

"Fundi, rudia. Taratibu. Wengine shule tuliipitia pembeni."

Agnetha akachora kwa chaki sakafuni. "Majokofu ya ghala la kampuni yana lugha yao, Modbus. Milango na king'ora vina yao, BACnet. Havielewani hata salamu. Katikati nilifunga kisanduku, gateway. Huyo ndiye mkalimani. Ana orodha, mstari kwa mstari: jokofu likisema hivi, mlango fulani uambiwe hivi. Kisichokuwa kwenye orodha, hakitafsiri, na mlango unabaki umefungwa."

"Na moto?" akauliza Stanislaus, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo.

"Kipimajoto cha chumba cha baridi kikisoma sitini, mkalimani anaiambia milango: moto, fungukeni. Gosbert anakimwagia chai."

Gosbert, kuli wa palepale ghalani aliyeoa Michenga, akapigapiga chupa yake ya chai. "Ya tangawizi, dada fundi. Mtambo utaomba na andazi."

Wakacheka. Ildefonce hakucheka.

"Magunia kumi na mawili. Mbegu ya mpunga ya kijiji chote, Michenga yote. Mafuriko yalipokuja, kampuni ilisema leteni tuwatunzie. Leo wanasema ni yao. Tusipopanda mvua hizi, mbegu ya bibi zetu ndiyo basi tena. Watatuita majambazi. Watuite."

"Mlango wa ngapi vile?" Gosbert akauliza.

"Wa tatu, korido ya nyuma," Agnetha akajibu. "Mara ya tatu hii unauliza."

Saa 6:20 mchana.

Ghala lilimjua Agnetha. Kila mwezi alikuja kukagua majokofu, na mlinzi alimfungulia chumba cha umeme bila neno. Akajifungia kwa komeo la chuma, akachomeka waya wa kompyuta kwenye gateway, akatazama kamera ya korido ya nyuma.

Akaisogelea skrini.

Bosi Elineema wa ghala na walinzi watano, marungu mkononi, wamejibanza ukutani. Alitaka kuwakamata na magunia mgongoni, bosi huyu. Katikati yao, Gosbert. Anakunywa chai. Anapuliza kikombe, taratibu, kama yuko msibani.

Angeweza kuchomoa waya na kuondoka zake. Akaifungua orodha. Mstari wa mlango wa pili, wa kuingilia korido ile, akafuta. Mstari wa mlango wa tatu, akafuta. Korido ile haingesikia tena neno la moto. Akapiga simu.

"Stanislaus! Njoo mbele, mlango wa kwanza. Gosbert katuuza."

"Turudi?"

"Nani kasema turudi? Njoo!"

Kisha akaandika kwa mkono wake joto ambalo halikuwapo: sabini.

Saa 6:27.

King'ora kikalia. Mlango wa kwanza ukafunguka, makuli wakamwagika uwanjani. Kirikuu ikaingia kinyumenyume, na Mzee Ildefonce juu yake akipaza sauti: "Moto! Okoeni mbegu ya Michenga, jamani! Mnaangalia nini?"

Makuli wakaokoa. Magunia kumi na mawili wakayapakia wenyewe, mbiombio, mmoja akampa mzee pole.

Korido ya nyuma, milango imenuna. Bosi anapiga teke.

Saa 7:40 mchana.

Polisi walikuwa nje ya chumba cha umeme. Nyundo ikigonga bawaba.

"Fungua, mama! Kuna watu wamefungiwa!"

"Shikamoo, afande. Wana hewa, wana taa. Chai pia wanayo."

"Utafungwa wewe!"

"Najua. Bado kidogo."

Bawaba ya juu ikang'oka. Agnetha akaweka mgongo mlangoni, macho kwenye simu. Ikaita.

"Mwanangu," Ildefonce akasema. Nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele, ndoo zinagongana. "Kila nyumba imepata. Imelowekwa yote."

Basi. Mbegu iliyolowekwa hairudi ghalani, hata aje nani na karatasi gani. Itaota tu.

Agnetha akairudisha mistari miwili kwenye orodha. Milango ikafunguka. Akavuta komeo mwenyewe, akanyoosha mikono, pingu zikalia.

Uwanjani walimpitisha mbele ya Gosbert, amelowa jasho, chupa imebanwa kwapani.

"Shemeji zako wa Michenga wanakusalimia," Agnetha akamwambia. "Chai ilikuwa tamu?"