Kiti cha Dereva

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kilungu, Mulwa akikaza nati ya mwisho. Ilibaki test drive tu. Aipandishe mlima, airudishe gereji, akalale.

Landrova ilikuwa mzee kuliko yeye. Wiki nzima yeye na partner wake, Rashid, walikuwa wanaiinua: springi juu ya ekseli, shock ndefu, tairi za matope. Gakenia, mama anayenunua avokado na kupeleka Emali, aliitaka ipande Kilungu hata mvua ikinyesha. Ikipanda, alisema, magari yake yote yataletwa kwao. Kwa Mulwa hiyo ndiyo ilikuwa interview ya kwanza tangu graduation ambayo hakuulizwa anajuana na nani. Mechanical engineering, first class, halafu wakubwa wako kwa TV wakimwambia kijana ajiajiri. Haya. Alikuwa amejiajiri, chini ya gari, grisi machoni.

Lakini kuna kitu hakumwambia Rashid.

Mchana, Rashid akiwa msikitini, Mulwa alikuta pembe ya mbuzi chini ya kiti cha dereva, imefungwa kwa chesisi na ngozi kavu. Ilikuwa pale pale bomba jipya la breki linafaa kupita.

Mkamba yeyote anajua hiyo ni nini. Mzee akipenda mali yake sana, anaifunga. Mwizi akiikalia, hainuki mpaka mwenyewe aje amwachilie. Ukiuza, lazima uifungue kwanza. Lakini mzee Kyule, mwenye Landrova wa kwanza, alikuwa amekufa, na kijana wake akamuuzia Gakenia mbio mbio kabla hata matanga iishe.

"Superstition," Mulwa aliiambia ile pembe. Akawasha grainda.

Harufu ya nywele ikiungua. Ndani ya pembe, unga mweusi tu... na waya ya shaba, ngumu, safi. Fundi wa jua kali hatupi waya nzuri. Akafungia nayo bomba la breki.

Sasa alikuwa mlimani. Landrova ilimeza mawe, ikameza mitaro.

"Mnaona, nyinyi watu wa HR?" alipiga kelele dirishani. "Mnaona?"

Kisha akasikia harufu ya ugoro.

Yeye hanusi ugoro.

Kwenye njia panda alikata stelingi kulia, ageuze. Gari ikaenda kushoto. Polepole... kama ng'ombe anayejua boma lake. Akakanyaga breki. Ikaenda. Akavuta kile kishikio cha kuzima injini. Injini ikazima.

Gari ikaendelea kupanda.

Ilisimama yenyewe mbele ya nyumba ya mabati. Kimya. Chuma ikipoa, tik... tik... Mulwa alifungua mlango. Ulifunguka vizuri tu.

Yeye ndiye hakuinuka.

Miguu alikuwa anaisikia. Mgongo pia. Lakini kiti kilikuwa kimemshika vile mama hushika mtoto wa kudungwa sindano.

Nyanya mmoja alitoka na taa ya sola. Mwongeli, mjane wa Kyule. Hakushtuka.

"Wakya," alimsalimu kwa Kikamba.

"Aa... Susu, nyanya yangu, nisaidie. Mimi si mwizi. Mimi ni fundi tu."

"Pembe iko wapi?"

Mulwa alitazama mikono yake yenye grisi.

"Mngeniita. Ningetia maji mdomoni, nitemee tairi, ikaisha." Alimulika chini ya kiti, akaondoa taa haraka. "Sasa umeikata, alafu ukaifunga tena na mkono yako. Hiyo mimi siwezi."

"Nani anaweza?"

Alikaribia, akanong'ona. "Mtu aombe hicho kiti na mdomo wake mwenyewe. Atakaa yeye. Utatoka wewe."

Pikipiki ikasikika huko chini. Ikapanda, ikasimama. Rashid akashuka, akimulika na simu.

"Wee engineer! Nimeuliza kila mtu njiani, simu hushiki! Nilijua umeimwaga kwa mtaro." Alipiga boneti kofi, akacheka. "Kumbe umeketi tu kama bibi harusi. Toka bwana, niachie hicho kiti. Nairudisha mimi."

Mulwa alikuwa na neno mdomoni. *Usi...*

Alifunga mdomo.

Miguu ikaamka. Akashuka.

Susu Mwongeli alimtazama, muda mrefu. Kisha akaingia ndani. Komeo likalia.

"Springi ziko sawa kabisa," Rashid alisema, akijiweka kitini. Halafu akanusa. "Aii... nani anatumia ugoro hapa?"

Gakenia husema hajawahi kupata dereva kama Rashid. Haachi gari hata dakika. Anakula ndani, analala ndani. Ijumaa Landrova huegeshwa mbele ya msikiti, watu wanaingia, watu wanatoka, na yeye yuko kwa usukani, anatazama mlango.

Magari yote ya Gakenia sasa hutengenezwa kwa Mulwa. Hata hiyo. Ikija, anaingia chini yake bila kusalimia. Na juu yake, kupitia bati la sakafu, sauti hushuka, taratibu, bila hasira:

"Mulwa... ndugu yangu. Sema tu unataka kuendesha kidogo."

Mulwa hufanya kazi hiyo akiwa ameuma spana kwa meno. Mdomo usije ukajibu.