Chungwa la Kupimia Kijito

Haya yalimkuta rafiki yangu mpima maji, na yeye si mtu wa porojo. Akitaka kujua kasi ya kijito cha mtaani kwao, shemeji yake hutupa chungwa pale maji yanapoingia kwenye kalavati chini ya barabara, naye hulingoja upande wa pili, saa mkononi. Huwa ni dakika nne.

Siku hiyo zilipita kumi. Mchana kweupe, lakini mle ndani giza totoro, na maji yalikuwa yamenyamaza kama watu waliokatizwa umbea.

Akapiga simu. "Shemeji, umetupa kweli?"

"Nimetupa. Labda limenasa kwenye takataka. Ngoja niingie nilitafute."

Kabla hajakata simu, ganda likaja likielea, refu, limemenywa kwa kisu bila kukatika hata mahali pamoja.

Rafiki yangu akacheka. "Yaani shemeji, njaa gani hiyo mpaka unakula kipimo?"

"Kipimo gani? Mimi bado navaa mabuti huku juu."

Mle gizani, mtu akatema. Kisha zikaanza kuja mbegu, moja moja, bila haraka.