Jicho la Mwanasiti

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuosha vyombo, Hafsa alikwenda kwa Mwalimu Nassibu kujifunza kuchora. Mzee huyo alikuwa amefundisha shuleni miaka mingi, na nyuso alizozichora zilitundikwa katika nyumba nyingi za Kibiti. Kisha biashara huria ikaleta studio ya picha za rangi, na wateja wakamkimbia. Siku hizi alichora vibao vya maduka na vya vinyozi, kazi aliyoichukia kimoyomoyo.

Jumamosi moja alikuja Bi Mwamini, mama wa Mwanasiti. Mwanasiti alikuwa akikaa dawati moja na Hafsa. Masika yaliyopita kipindupindu kilimkuta akiwa na wazazi wake shambani, kwenye dungu lao, kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Zahanati ilikuwa mbali. Alifia njiani.

"Mwalimu, sina hata picha yake moja," alisema Bi Mwamini. "Nikifumba macho, uso wake unaanza kunipotea. Nichoree mwanangu."

Mwalimu hakuwahi kumwona mtoto huyo. Kwa kuwa aliambiwa mtoto alifanana na mamake, alimketisha mama mtu, akaanza kuchora. Lakini kila alipomuuliza jambo, mama huyo alilia tu. Basi akamgeukia Hafsa.

"Wewe ulikaa naye. Macho yake yalikuwaje?"

Jicho la kushoto la Mwanasiti lilikuwa na doa jeupe lililoachwa na surua. Shuleni watoto wenye ulimi mkali walimwita Chongo, naye akazoea kulifunika kwa ushungi. Hafsa alimtazama mama yule, akamwonea huruma.

"Mazuri, mwalimu. Mazima yote mawili, kama ya mama yake."

Jumamosi iliyofuata picha ilikuwa tayari. Bi Mwamini aliitazama sana.

"Huyu ni mtoto mzuri," alisema, "lakini si wangu. Jicho lake mmelipeleka wapi?"

Hafsa aliinamisha kichwa. "Nilidanganya, mama. Niliogopa kukuumiza."

"Mpiga picha alipita kwetu kila Idi," alisema Bi Mwamini. "Mimi na babake tukasema tusubiri, jicho lipone kwanza. Tulilionea haya. Ndiyo maana sina picha. Nanyi leo mnanifichia tena?"

Hafsa akaangua kilio. Mwalimu alimpa brashi nyembamba.

"Uliyeliona ni wewe. Liweke wewe."

Hafsa aliichovya katika rangi nyeupe, akaliweka doa mahali pake. Bi Mwamini aliikumbatia picha na rangi yake mbichi, khanga ikachafuka.

"Ndiye huyu! Mwanangu, ndiye!"

Mama huyo alipokwisha kuondoka, Hafsa alibaki ameshika brashi.

"Ukipenda, chongo huita kengeza," Mwalimu alisema taratibu. "Mdomo una ruhusa hiyo, Hafsa. Brashi haina. Huruma yako ilikuwa ya kweli, lakini uliivisha uongo, na kidogo tumzike yule mtoto mara ya pili."