Chaja Iliyoachwa Ukutani

Kila asubuhi kabla ya shule, Batuli alimsaidia mama yake kukaanga vitumbua pale Iyunga, kando ya barabara kuu. Baridi ya Mbeya haina adabu, inakuingia mpaka kwenye mifupa bila kubisha hodi, kwa hiyo Batuli alipenda kukaa karibu na jiko. Mama yake, Mwanakhamisi, alikuwa na maneno makali na vitumbua laini. Madereva wa malori walivumilia hayo maneno kwa ajili ya hivyo vitumbua.

Asubuhi moja alipita Timotheo, mvulana aliyekuwa anasoma naye darasa la saba. Timotheo alitoka Igowole, kwenye mashamba ya chai, na aliishi kwa shangazi yake, jirani na kina Batuli. Aliyemsomesha ni kaka yake Vitus, mwenye duka la vifaa vya muziki Iringa mjini.

"Shikamoo, Mama Batuli."

"Marahaba. Mwambie shangazi yako sahani yangu haina miguu. Airudishe."

Timotheo akamgeukia Batuli. "Na wewe, redio mbovu, leo unatuimbia?"

"Kamwene!" Batuli alimjibu kwa kuiga salamu ya kwao na lafudhi yake. "Rudi kwenu ukachume chai."

Wapo watu wanaotupiana maneno ya namna hiyo wakacheka, wakaenda zao. Hawa wawili hawakuwa na utani. Walichukiana. Ilianza siku Batuli alipoimba mbele ya darasa, sauti ikamkatika katikati. Timotheo akamwiga, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina la redio mbovu lilimganda Batuli kama masizi.

Nyumbani kwao kulikuwa na chumba ambacho mjomba wake, Muharami, alikigeuza kuwa studio. Alitundika mablanketi mazito ukutani ili sauti isirudi, akaweka kompyuta yake ya zamani na maiki moja. Waimbaji wa qaswida walikuja, kwaya za Walutheri nazo zilikuja. Lakini mwezi ule umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ukaunguza saundikadi yake, yaani kile kiboksi kinachopokea sauti ya maiki na kuipeleka kwenye kompyuta.

Mjomba hakuwa na uwezo wa kununua kiboksi cha bei mbaya. Aliomba viwili vya bei nafuu avijaribu kwanza. Cheusi alikipata duka moja la Mbeya mjini. Chekundu kilitumwa na Vitus kwa basi kutoka Iringa, na Timotheo ndiye aliyekwenda kukichukua stendi na kukileta.

Kabla ya kuvijaribu, mjomba akaitwa aende Madibira kuangalia mpunga aliotaka kununua. Akamwita Batuli, maana alishamfundisha kurekodi.

"Imba ubeti mmoja kwa cheusi, uleule kwa chekundu. Maiki ileile, waya uleule, mdomo ukae mbali na maiki kiasi kilekile. Usipime mchele kwa debe na maharage kwa kopo, halafu useme maharage ni haba. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Na chaja ya kompyuta uichomoe ukutani. Umeme wa nyumba hii ni mchafu, ukiiacha utasikia mngurumo."

Batuli alianza na kiboksi cheusi. Akachomoa chaja, akaimba. Sauti ikatoka safi. Akarudisha chaja ili kompyuta ipate chaji kidogo, akaunganisha kile chekundu. Mkono ukaenda kwenye chaja, ukasimama. Akamkumbuka Timotheo alivyokunja shingo akimwiga, na darasa likicheka.

"Utakoma," akasema peke yake. Akaiacha chaja palepale, akaimba.

Aliposikiliza, nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo, kama nzi mkubwa aliyefungiwa kwenye chupa.

Mjomba aliporudi alivaa spika za masikioni akasikiliza vyote viwili. Uso ukabadilika. "Huyu Vitus ananiona mimi mshamba?" Hakurudia kupima. Alichukua simu, akawaandikia warekodi wenzake kwenye kundi lao la mtandaoni: *Vitus wa Iringa anauza takataka. Jihadharini naye.*

Batuli alikuwa uani anakata nyanya. Alisikia, akaendelea kukata.

Haikupita wiki, Vitus akafika mwenyewe. Wateja wawili walikuwa wamemrudishia mali, na ujumbe wa mjomba wakamwonyesha. Aliingia uani amemshika Timotheo kwa mkono wa shati, hata salamu akaisahau.

"Kiboksi nilikijaribu kabla ya kukituma," alisema. "Kiliondoka dukani kizima. Aliyekibeba kutoka stendi ni huyu hapa. Sema, ulikiangusha wapi?"

"Sikukiangusha, kaka."

"Usinijibu! Nakulisha, nakuvisha, unanilipa kwa kunichafulia jina. Kesho unapanda basi, unarudi Igowole."

"Usimsingizie mtoto," mjomba akadakia. "Umeuza takataka, kubali."

"Takataka ni mdomo wako, Muharami!"

Timotheo hakulia. Alisema taratibu, "Kaka, mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Nimeandikishwa hapa. Nikienda kwetu sifanyi."

"Ungefikiria hayo ulipokuwa unakirusharusha."

Batuli alisimama mlangoni. Hiki ndicho alichokitaka: Timotheo aondoke, na jina la redio mbovu liondoke naye. Sasa kilikuwa mbele yake.

Mjomba akamgeukia. "Batuli, nilikwambia uchomoe chaja. Uliichomoa?"

"Niliichomoa."

Mama yake, aliyekuwa anapepeta mchele, akaacha ungo. Akamtazama binti yake, akasema, "Vizuri. Basi twendeni sote chumbani. Ataimba tena, tusikie wenyewe."

Wakaingia wote chumbani, wamebanana kati ya mablanketi. Kompyuta ilikuwa mezani, chaja ukutani. Mjomba akaunganisha kiboksi chekundu, akasogea pembeni. "Haya, fanya kama ulivyofanya siku ile."

Batuli akaona amenasa. Akichomoa chaja, sauti itatoka safi na wote watajua alidanganya. Akiiacha, mngurumo utarudi, lakini mjomba ataiona chaja pale ukutani. Angeweza kusema amesahau leo. Angeweza kujifanya anaumwa koo. Vitus alikuwa anapumua kwa nguvu nyuma yake, na Timotheo alikuwa anatazama viatu vyake.

Akainama, akachomoa chaja.

Akaimba ubeti mzima. Mjomba akafungulia rekodi kwenye spika. Ilitoka sauti ya msichana mwenye hofu, kila neno likisikika, na nyuma yake kimya kitupu.

"Ule mngurumo uko wapi?" Vitus akauliza.

"Siku ile sikuichomoa," Batuli akasema. "Kwa cheusi niliichomoa. Kwa chekundu niliiacha makusudi."

"Mnafiki mkubwa wewe!" Timotheo akafoka. "Mimi nilikuwa naondolewa shule, unaniangalia tu!"

Hakuna aliyemkataza. Mama aliinua mkono, akaushusha bila kupiga. Mjomba akajifuta uso. "Na mimi nimemtangaza mtu ovyo," alisema. "Ningepima mara ya pili tu, haya yasingetokea."

Vitus akamwambia mdogo wake, "Kesho hupandi basi. Utabaki shule."

"Ndiyo hivyo tu, kaka?"

Vitus akamgeukia. Neno lililofuata hakulizoea. "Nisamehe. Sikukusikiliza."

Ndipo vikapimwa upya viboksi vyote viwili, safari hii kwa haki. Chekundu kilishika sauti ya mtu mmoja vizuri zaidi. Cheusi kilizidiwa kidogo kwa usafi, ila kilikuwa na matundu mawili ya maiki. Mjomba akasema atanunua cheusi.

Vitus akaruka. "Nimetoka Iringa kuja kusikia unanunua cha mwenzangu?"

"Chako ni kizuri kwa mwimbaji mmoja. Mimi narekodi waimbaji na dufu kwa pamoja, nitanunua maiki ya pili. Nikikudanganya ili ufurahi, nitakuwa nimerudia kosa la mtoto huyu."

Vitus alinung'unika. "Basi hayo uyaandike kwenye kundi lenu."

"Nitaandika yangu, nitaomba radhi. Ila ya Batuli atayasema Batuli."

Batuli akarudishwa mbele ya maiki, kwenye kiboksi kilekile chekundu. Alisema jina lake, akasema alichokifanya, akasema kiboksi cha Vitus ni kizima na aliyemharibia jina ni yeye. Mjomba akaituma rekodi hiyo kwenye kundi. Baada ya muda mfupi simu ikaanza kulia, majibu yakiingia, mengine ya matusi. Mjomba aliyasoma yote kwa sauti, hakumfichia hata moja.

Timotheo alisimama mlangoni mpaka la mwisho. "Sijakusamehe," alimwambia Batuli.

"Najua."

Walipoondoka, Batuli alikwenda uani kumsaidia mama kupepeta. Mama hakumpa ungo.

"Sikwambii umpende yule mtoto," alisema. "Alikufanya uchekwe darasani, alikosea, na ungekuja kuniambia ningekwenda kwao mwenyewe. Lakini mjomba wako alikupa kazi ya kupima. Ukipewa mizani uishike, chuki yako iache mlangoni. Anayepima kwa hila hamuumizi adui yake peke yake. Umemdanganya mjomba, umemharibia Vitus riziki, umenifanya mimi nimsikilize binti yangu huku najiuliza kama anasema kweli. Hilo la mwisho litachukua muda kupona."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia. Sasa vaa viatu uende kwa shangazi yake Timotheo ukamwambie kwa mdomo wako. Yeye hayumo kwenye lile kundi."