Picha ya Ua la Baba

Phelix alifanya kazi katika kiwanda cha chai karibu na Kericho. Kwao kulikuwa kando ya ziwa. Aliishi katika nyumba za wafanyakazi pamoja na mkewe Aoko na mtoto wao Lazarus, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Kila asubuhi, kabla kengele ya kiwanda haijalia, Phelix alikwenda nyuma ya nyumba. Alisema anaangalia maboga yake. Aoko alijua kuwa mumewe hajali maboga hata kidogo.

"Limechanua?" Aoko aliuliza siku moja, akimpa uji.

"Njoo uone!"

Katikati ya majani ya maboga lilisimama ua moja, la duara, jekundu kama kaa la moto. Lilikuwa na nyuzi nyembamba nyingi kupita kiasi. Ua la namna hiyo huchanua mara moja tu kwa mwaka, mvua zinapoanza, na halikawii kunyauka. Pembeni yake tumba la pili lilikuwa bado limejifunga.

Yalikuwa maua ya marehemu baba yake. Mzee aliyapanda mbele ya nyumba yake, na kila yalipochomoza aliwaambia watoto wachukue majembe, kwa kuwa msimu wa kulima umefika. Phelix alipohamia Kericho, alichimbua mashina mawili, yanayofanana na vitunguu, akayatia mfukoni. Hakumwomba mama yake ruhusa. Aliona ni kitu kidogo. Kumbe mwaka uliofuata fuko walikula yote yaliyobaki nyumbani.

Mama yake, Yunia, alikasirika sana. "Umechukua ua la baba yako ukaliue kwa baridi," alimwambia. "Kwako sitakanyaga." Na kweli hakukanyaga, hata Lazarus alipozaliwa. Jambo hilo lilimuuma Phelix. Mtoto alikuwa anakua bila kubebwa na nyanya yake.

Sasa Phelix alikuwa na kamera. Ilikuwa kamera ya sanduku, nyeusi, aliyoachiwa na karani mmoja aliyerudi kwao. Alipiga picha moja akiwa karibu na ua kabisa. Kisha akamsimamisha Aoko kando ya ua, na gauni lake la Jumapili, akarudi nyuma hatua nyingi na kupiga nyingine.

Picha zilisafishwa katika duka la picha mjini Kericho. Ile ya karibu ilikuwa ukungu mtupu. Ile ya mbali ilikuwa safi, basi Phelix akampa Okoth, dereva wa lori aliyetoka kijiji kimoja naye, ampelekee mama.

Okoth aliporudi, alikuwa anajikuna kichwa.

"Mama alisema nini?" Phelix aliuliza.

"Ndugu yangu, alisema anaona mwanamke na maboga. Alisema, 'Ua la mume wangu liko wapi? Kwanza aliliiba, sasa ananidanganya.'"

Phelix aliinamisha kichwa. Ua la kwanza lilikuwa limekwisha kunyauka. Lilibaki lile la pili, ambalo lilianza kufunguka. Likinyauka nalo, angengoja mwaka mzima, na mama yake hakuwa kijana tena.

"Nenda kwa Mama Onyancha," Aoko alimwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa na ua?"

"Kuuliza si ujinga, Baba Lazarus. Kukaa hapo na uso mrefu ndiyo ujinga."

Mama Onyancha alikuwa jirani yao. Jina lake lilikuwa Gesare, na kwao kulikuwa Kisii. Zamani alifanya kazi kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyependa kupiga picha za maua, na yeye ndiye aliyembebea vyombo. Alikuja akitabasamu.

"Nasikia unapiga picha ya maboga," alisema.

Aoko aliangua kicheko. Phelix naye, kwa uchungu wake wote, alicheka.

Gesare aliitazama ile picha ya mbali. "Ua iko hapa. Unaona hii doa? Hii filamu yako haioni nyekundu vizuri. Nyekundu inatoka nyeusi. Majani pia inatoka nyeusi-nyeusi. Sasa nyeusi juu ya nyeusi, mama ataona nini?"

"Kwa hivyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Utaweka kitambaa nyeupe nyuma ya ua."

"Na hii ya ukungu?"

"Jicho ya kamera yako inaona mbali tu, kama Mzee Kepher. Yeye akitaka kusoma, anafanya nini?"

"Anavaa miwani."

"Basi kamera pia ivae miwani."

Mzee Kepher alikuwa mwalimu wa kanisa. Alikubali kuwaazima miwani yake ya kusomea, lakini kwa sharti. "Kesho Jumapili," alisema. "Kengele ya kanisa isilie kabla sijaipata. Ama nitawahubiria kutoka kichwani, na mtakaa mpaka jioni."

Gesare aliketi ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi. Aliielekeza miwani nje, akashika karatasi nyeupe nyuma ya kioo kimoja. Aliisogeza karatasi nyuma polepole. Ghafla kilima cha chai kilionekana juu ya karatasi, kidogo na safi, lakini juu chini.

"Mashamba yamesimama kwa kichwa!" Aoko alishangaa.

"Hapa ndipo ilipo safi," Gesare alisema. "Kata kamba, urefu kutoka kioo mpaka karatasi. Ua ikae mbali na miwani kama hii kamba. Usizidishe, usipunguze."

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulikuwa umeondoka na upepo haujaanza. Phelix aliweka kamera juu ya sanduku la chai lililopinduliwa, ili isitikisike. Akaifunga miwani mbele ya jicho la kamera. Aoko alishika shuka nyeupe nyuma ya ua. Phelix akainama kutazama katika kidirisha cha juu.

"Hapana," Gesare alimzuia. "Hiki kidirisha iko juu, jicho iko chini. Kwa mtu wa mbali si kitu. Kwa karibu utakata ua kichwa. Pima na kamba kutoka kwa jicho yenyewe, katikati."

Phelix alipima. Upepo mdogo ukapita, na ua likayumba. Vidole vyake vilitaka kubonyeza.

"Ngoja," Gesare alisema. "Mpaka isimame."

Walingoja. Lazarus alilia, na hakuna aliyemgeukia. Ua likatulia. Phelix akabonyeza taratibu. Akasogeza filamu na kupiga nyingine, na nyingine tena, kisha akakimbia na miwani mpaka kanisani. Alifika kengele ikianza kulia.

Picha moja ilitoka safi kabisa. Ua lilikuwa jeusi juu ya weupe, na kila uzi wake ulionekana, hata punje za unga kwenye ncha. Phelix aliishika kwa mikono miwili, na furaha ikamjaa kifuani. Okoth akaichukua.

Lori liliporudi, mama mzee aliteremka, akiwa na fimbo yake. Phelix alikimbia kumpokea.

"Nimeliona," Yunia alisema. "Wamelipaka masizi, lakini nimelijua. Nionyeshe."

Ua lilikuwa limenyauka. Yalibaki majani yake mapana, yenye afya. Yunia aliinama, akagusa udongo. Kando ya shina la zamani palikuwa na chipukizi dogo jipya.

"Linazaa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Aoko alimletea mtoto. Yunia alimpakata, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulichukua bila kuomba," alisema. "Mimi naomba. Nipe moja nikalipande kwa baba yako."

Phelix alikwenda kuleta jembe.