Siku Zabron Alipozimiwa Maiki

Evelina alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande, anaunganisha nyaya za spika, wakati basi dogo la bendi ya tatu liliposimama na mtu akaruka nje na gita mgongoni. Uwanja ulifurika. Vijana wa Tanga na Arusha wamevaa fulana nyeusi na minyororo, na wakulima wa Magamba wamekuja na makoti yao mazito kuona huo muziki wa metali walioambiwa unaimbwa kwa kunguruma. Yule wa gita akageuka. Alikuwa Zabron.

"Eva? Kumbe fundi mitambo ni wewe?"

"Ni mimi. Karibu Lushoto. Leo utasikika mpaka Mombo."

"Bado umenikasirikia?"

"Mimi? Nikukasirikie wewe kwa lipi?" Akatabasamu, akaweka sawa kilemba chake chekundu. Jamani, mwanamke uliyemuumiza akikukaribisha kwa upole hivyo, tafuta mlango ulipo. Zabron, masikini, akashukuru.

Msimwonee huruma bado. Mwaka jana, akiwa Mtwara na bendi yake, alisema siku fulani posa italetwa na mshenga wake, Mzee Salimu, Mwislamu wa Magoma aliyemlea. Kwao Evelina wakafunga turubai, wakaazima mabenchi ya kanisani, wakapika pilau. Shangazi zake wakashona vitenge vya sare. Wakangoja mpaka jua likazama, na hakuna aliyepiga hodi. Kisha ikaingia meseji ya Zabron: "Pole sana mpenzi. Jikaze. Nitakuja baada ya arobaini."

Pole! Jikaze! Shangazi wanaondoka na pilau kwenye ndoo, wanasonya, halafu yeye anaambiwa aizike aibu yake kama maiti na kuisubiria arobaini! Evelina akamfungia simu palepale. Akaapa kwamba siku moja Zabron naye atasimama mbele za watu na kukosa pa kuuficha uso. Sasa Mungu alikuwa amemleta mwenyewe, kwa basi la kukodi.

Bendi ya kwanza ikapanda. Ngoma zikapiga mpaka chai ikatikisika vikombeni kwa Yunis, mama yake Evelina, aliyekuwa akiuza chai na maandazi nyuma ya spika. Vijana wakaanza kusukumana vifua kwa vifua mbele ya jukwaa.

"Wanapigana?" akauliza mzee mmoja.

"Wanacheza, baba."

"Basi Yesu atusaidie."

Ya pili ikaja, ikanguruma, ikashuka. Kisha Zabron akasimama mbele, suruali imechanika magotini, mishipa ya shingo imemtoka. Alipendeza, na hilo lilimuudhi Evelina zaidi. Alimwacha aanze. Alimwacha watu wamshangilie. Alipofungua kinywa kwa kiitikio, Evelina akavuta waya wa maiki.

Kimya! Midomo inachezacheza, sauti hakuna, na wenzake wakaacha kupiga. Uwanja ukaangua kicheko, kisha mluzi na zomeazomea. Evelina akakunja mikono kifuani. Moyo wake ulikuwa mtamu kuliko siku zote za mwaka ule.

Lakini Zabron akaitupa maiki, akajaza kifua hewa, akaimba kwa koo tupu: "Mama mkwe! Nimechelewa kukuzika!"

Mama mkwe? Mama mkwe yupi? Evelina akahisi damu inampanda kichwani. Kumbe ameoa! Ameoa kwingine, mpaka mama mkwe amemfia, na anathubutu kuja kumlilia hapa! Akapanda jukwaani, kiganja tayari kwa kofi.

Hakuwahi. Zabron alikuwa ameganda, macho yamemtoka kuelekea nyuma ya spika. Akarudi kinyumenyume mpaka akaziangukia ngoma.

"Mama Evelina!" alipiga kelele. "Si ulikufa?"

Yunis alikuwa ameshika birika. "Nife kwa ugonjwa gani? Na shikamoo yangu iko wapi?"

"Shi… shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa niambie aliyeniua."

Zabron akatoa simu, akampigia mshenga wake, akaiweka kwa sauti kubwa. "Mzee Salimu, shikamoo. Siku ile ya posa uliona nini kule?"

"Marahaba, mwanangu. Si nilikwambia? Niliona turubai, mabenchi, na watu wanapuliza tarumbeta wimbo wa huzuni. Binti mwenyewe analia machozi. Mama mtu simwoni. Nikajua ndiye. Na mimi nina barua ya posa mfukoni, nitaiingizaje matangani? Nikarudi."

"Nilikuwa nakata vitunguu!" Evelina alifoka.

"Na mimi nilikwenda kufuata maziwa," alisema Yunis. "Tarumbeta walikuwa vijana wa usharika. Walialikwa kula, wakafanya mazoezi ya mazishi ya jirani. Uwii! Kumbe nimezikwa na vitunguu!"

Waliokuwa karibu walicheka mpaka wakakaa chini. Evelina hakucheka.

"Ungekuja mwenyewe," alimwambia Zabron. "Hata kama ni msiba. Ungepanda mlima."

"Ulinifungia simu, Eva. Nikajua umechukia kwa kuwa sikuja kuzika. Niliona haya. Ndiyo nikatunga wimbo."

"Nimekuchukia mwaka mzima, Zabron. Nilikuwa nalala nakuchukia, naamka nakuchukia. Unajua inavyochosha?"

"Nisamehe, mpenzi. Nimtume mshenga mwingine?"

"Sitaki mshenga. Utangoja arobaini zako, hasa. Kila siku utanipigia, na mimi nitapokea nikitaka. Ukiruka siku moja, tumeachana. Siku ya arobaini na moja uje mwenyewe umkabidhi mama barua mkononi, umguse uone kama yuko hai."

"Eva, arobaini?"

"Unataka hamsini?"

Evelina akaurudisha waya, na Zabron akaimba mpaka mwisho, na wakulima wakamtunza kwa makofi. Bendi ya nne ikapanda. Basi la Zabron likaondoka kungali mchana, likaanza kuteremka kona za mlima.

Evelina akamfungulia simu, akaiweka mfukoni, akaapa kwamba siku ya kwanza hapokei, ng'o, ili amkomeshe. Basi halijafika hata Soni, simu ikatetemeka.

Ilitetemeka mara moja tu, akaipokea.